Minza Nkuba, Aliyezilaza Chupa

Kamwene, wapendwa wa Kilolo, na ninyi wa kwetu mliotoka Usangu, mwadila, poleni na safari, poleni na baridi, na mliokaa huko nje kwenye moto sogeeni mlangoni maana sauti yangu si ya spika. Haya nitakayosema, yale ya maabara alinisimulia kwanza Tumpe, yule pale mwenye kitenge cha bluu, Mnyakyusa aliyefanya kazi na marehemu kule Mbeya meza moja, alinisimulia tukipepeta mchele, nikamwambia rudia, akarudia, nikamwambia rudia tena, mpaka mchele ukaisha, na leo nikikosea ataguna. Ya kuzaliwa sikusimuliwa na mtu, mikono hii ndiyo ilimpokea. Tarehe ni za Gideon, kaka yake marehemu, huyu hapa pembeni yangu na karatasi yake, maana mimi shule niliiona kwa nje tu nikipita na ng'ombe.

Karatasi hiyo kesho makaburini mchungaji ataisoma kama ilivyo, lakini mchana Gideon alinisomea, nikasikia amezaliwa, amesoma, ameajiriwa, ameolewa, ameugua, amefariki, nikamwuliza, baba, hii ni historia ya mtu au ni tangazo la ng'ombe aliyepotea, na hata ya ng'ombe wangetaja rangi. Ndiyo maana wazee wakaniruhusu nisimame jioni hii. Na kuna jambo jingine linalonisimamisha, tena hilo ndilo limenichosha kuliko msiba wenyewe. Tangu juzi kuna maneno yanazunguka hapa kwenye masufuria, kwamba Minza ameuawa na chupa zake, kwamba zile dawa za kutenganisha zilimwingia kifuani, na akina mama wa ngozi wa Mlandege, nawaona mmekaa kule ukutani, mmeshaanza kunong'onezana kwamba mkirudi Iringa mtaimwaga chupa ya mwisho iliyobaki stoo na kurudi kwenye chokaa. Haya. Nitaanza mwanzo, nitafika mwisho, halafu mtaamua wenyewe kama mnamwaga.

Marehemu Minza Nkuba alizaliwa tarehe 14 Machi 1989 huko Usangu, wilaya ya Mbarali, mkoa wa Mbeya, ndivyo kadi inavyosema, na kadi yenyewe imekosea, kwa sababu baba yake, Nkuba, alikwenda kuandikisha akitokea mnadani, alipoulizwa mtoto kazaliwa lini akataja siku ya mnada, ndiyo siku pekee aliyokuwa nayo kichwani. Alizaliwa masika yale mto ulipopanda mpaka zizini, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa Nkuba na Helena, nyumba ya watu waliohama na mifugo yao kutoka Shinyanga wakifuata majani. Alikawia kutoka, tangu jogoo la kwanza mpaka ng'ombe wanarudi, akapokelewa na bibi yake mzaa baba juu ya ngozi ya ng'ombe yenye manyoya yake, maana kitanda kilikuwa kinaelea, akapewa jina la bibi huyo huyo, kwa hiyo mkiniona nashtuka likitajwa leo mnisamehe, zamu ilikuwa yangu, amenipita foleni bila hata kubisha hodi.

Alikuwa mtoto wa maswali, na maswali yake yalikuwa yale ya kumchosha mtu aliyeshinda juani. Akiwa na umri wa kung'oka meno, baba yake alimwambia aingize ndani ngozi mbichi iliyokuwa nyuma ya zizi kabla mvua haijaja, yeye akaenda kucheza, mvua ikaja, ngozi ikalala kwenye matope ya samadi siku kadhaa, na Nkuba alipoikuta akaishika manyoya yakamjaa mkononi kama ya kuku aliyetiwa maji ya moto. Akafoka mpaka ndama wakakimbia, "Umeniozeshea ngozi, mtoto wewe!", na mtoto badala ya kulia kama watoto wa wenzetu akainama akaivuta ngozi huku na huku, akasema, "Baba, mbona manyoya yametoka na ngozi haijatoboka?" Nkuba akamtazama, akanitazama mimi, akasema, "Mama, huyu wajina wako ananijibu," akaondoka, na swali likabaki pale kwenye matope bila mwenyewe. Lilikaa hapo miaka mingi likimsubiri.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1997 hapo hapo kijijini akamaliza la saba mwaka 2003, akachaguliwa sekondari Iringa mjini, na akiwa kidato cha pili, tarehe 11 Agosti 2005, baba yake alifariki. Mshike hiyo tarehe, nitairudia, Gideon piga mstari hapo. Nkuba alikuwa amevimba miguu tangu kiangazi kianze, akipanda kichuguu anahema kama kapanda mlima, akawa analala ameketi, na jioni hiyo alikuwa anafunga mlango wa zizi, akakaa chini kupumzika, hakuinuka. Ng'ombe walipogawanywa na ukoo Helena akaona hana pa kushika, mwaka 2006 akamfuata binti yake Iringa, akapanga chumba Mlandege, akaingia kwenye kikundi cha akina mama wanaotengeneza ngozi.

Sasa kazi ya ngozi ninyi mnaovaa viatu hamuijui. Ngozi mbichi inaloweshwa kwenye chokaa na dawa nyingine ya kuchubua inayonuka kama mayai viza, ikae humo mpaka manyoya yalegee, ndipo uingize mikono uivute na kuikwangua, glavu zikitoboka unaendelea tu kwa sababu ngozi haisubiri glavu mpya. Helena mikono yake ilichubuka ikawa kama ya mtu aliyeungua, hakuweza kusonga ugali, mwiko ulimchoma, na akitaka kumshika mwanae shavu alimshika kwa nyuma ya mkono, kwa sababu viganja vilikuwa vinakwaruza na vinauma. Minza akiwa kidato cha tatu alikuwa akimpaka mama yake mafuta ya ng'ombe kila jioni kabla ya kufungua daftari, na jioni moja akasema, "Mama, nitakutafutia kitu kinachong'oa manyoya kisichong'oa mkono," na Helena akamjibu, "Wewe tafuta kazi benki, mkono wangu uache." Huo ndio ubishi wao wa kwanza, na mshindi mtamjua.

Alimaliza kidato cha nne mwaka 2007, cha sita mwaka 2010, akaingia chuo kikuu Mbeya kusomea mambo ya maabara, akahitimu mwaka 2013, na mwaka 2014 akaajiriwa hapo Mbeya kwenye maabara, ndipo alipomkuta Tumpe. Likizo ya kwanza ya kazi hakuja na kanga wala sukari kwa bibi yake, alikuja na vichupa vitupu na kijiko, akaenda moja kwa moja nyuma ya zizi la zamani, akachota tope. Bibi yake akamwuliza, "Wenzio wakirudi kazini wanaleta vitu, wewe umekuja kuchukua samadi?", akasema, "Bibi, kuna wafanyakazi wangu humu." Nilidhani masomo yamemzidi.

Kumbe aliona sawa. Ndani ya tope lile kuna bakteria, vidudu ambavyo jicho halivioni, akavilea maabara kwenye chupa za mchuzi wa pumba, vikala, vikazaana, na vikila vinatema mate, na ndani ya mate hayo kuna kitu kinaitwa kimeng'enya, hilo neno nimelipata kwa shida mnipe haki yangu, kazi yake ni kukatakata vitu vidogo vidogo, na kilekile ndicho kilicholegeza manyoya ya ngozi ya Nkuba. Sasa angetulia. Minza kutulia hakujua. Tumpe akamwambia, "Dada, mchuzi huu bado mchafu, una kila kitu ndani, usikimbilie," yeye anasema nitaujaribu kidogo tu.

Akaujaribu kwenye harusi yake mwenyewe. Alifunga ndoa takatifu na ndugu Crispin, mfanyabiashara wa mbao wa hapa Kilolo, tarehe 9 Septemba 2017, katika kanisa la Kilutheri hapo juu, likachinjwa dume zuri jekundu, na ngozi yake mama mkwe, Bertha, huyu mwenye nyumba, alikuwa ameiwekea mipango, alitaka kiti cha mzee kiwambwe upya. Bibi harusi akaiomba siku chache, "Mama, nitakurudishia imeshatoka manyoya, safi," akaimwagia mchuzi wake aliokuja nao kwenye dumu pamoja na shela. Manyoya yalitoka, hilo hatumnyimi. Yalitoka, halafu na ngozi ikaanza kutoka. Bertha alipouliza, "Mkwe wangu, ngozi yetu iko wapi?", bibi harusi akamwonyesha beseni, na ndani ya beseni kulikuwa na kitu kama uji wa mgonjwa. Mzee amekalia stuli ya mbao mpaka leo, yule pale, na hakuwahi kumsema, Mungu ambariki.

Hapo ndipo akakubali maneno ya Tumpe, baada ya kunichafulia jina mbele ya wakwe, jina ni letu wawili. Ndani ya mchuzi ule mlikuwa na kimeng'enya kinacholegeza manyoya, ndicho alichokitaka, lakini mlikuwa na vingine vinavyotafuna ngozi yenyewe, na maiti za vidudu, na uchafu wa pumba, vyote vimeogelea pamoja, ni kama umeajiri mpaliliaji mmoja akaja na mbuzi wake kumi shambani. Ilibidi amtoe mpaliliaji na kuwaacha mbuzi nje.

Na njia aliyoichagua, hapo ndipo niligombana na Tumpe kwenye mchele, maana nilisema ananidanganya mzee. Unachukua maji, unayeyusha humo unga fulani mweupe, mlaini kama mshumaa uliosagwa, halafu unachukua maji mengine, unayeyusha chumvi, na chumvi yenyewe ni hii hii mbolea ya SA tunayomwagia mpunga, unayachanganya pamoja na mchuzi wako kwenye chupa moja, unatikisa mara moja, unaiacha. Yanakataana. Maji ya unga yanapanda juu, maji ya chumvi yanashuka chini, katikati unauona mstari kama umechorwa, na si mafuta na maji, yote mawili ni maji, nilipoonyeshwa kwa macho yangu ndipo nikamwomba Tumpe radhi. Kile kimeng'enya cha manyoya kinapenda kukaa juu, wale watafunaji na takataka wanabaki chini na kwenye ule mstari, unateka ya juu taratibu na kuacha ya chini, umemaliza, hakuna moto, hakuna mtambo. Kitu kimoja tu kinachotakiwa. Chupa isiguswe. Itulie usiku kucha mpaka ijitenge yenyewe.

Ukisikia Mungu ana mzaha ndiyo huu, kazi ya kutulia ampe mjukuu wangu, halafu amzungushie ndugu zetu sisi.

Kwanza alikuwa Gideon. Minza alitaka njia yake ifanyike Mlandege kwenye stoo ya mama yake, siyo kwenye maabara yenye mashine ya kuzungusha ambayo watu wanaisubiri kwa foleni, kwa sababu akina mama wa ngozi hawana mashine, wana ndoo, akamwagiza kaka yake amletee SA kutoka Usangu, na Gideon akaleta urea. Minza akachanganya, akasubiri, maji hayakujitenga, akachanganya tena, akasubiri, maji yamekaa pamoja kama bwana na bibi, wiki nzima anajilaumu, mpaka alipoonja ncha ya kidole kwenye mfuko, akampigia simu, na Gideon akajibu kwa ujasiri kabisa, "SA ilikuwa imeisha dukani, si zote nyeupe? Mbolea ni mbolea." Usiiname, Gideon, soma tarehe zinazofuata.

Mungu aliwajalia watoto wawili, Edmund, aliyezaliwa tarehe 3 Juni 2018, na Marta, aliyezaliwa tarehe 22 Februari 2021. Marta alipozaliwa Minza alikwenda kukaa likizo ya uzazi Mlandege kwa mama yake, na Bertha akateremka kutoka hapa Kilolo na kapu lake la viazi kuja kumlea mzazi, kama inavyotakiwa, kwa hiyo nyumba moja ndogo ikawa na mama mzazi na mama mkwe, wote wawili wanawake wenye bidii, kila mmoja anawahi kuamka ili mwenzie asimwone amelala. Na stooni kuna chupa, zimepangwa rafuni, safari hii zina SA ya kweli.

Asubuhi ya kwanza Minza akaenda na mtoto mgongoni, akakuta chupa zimechafuka zote, juu kama chini, akasema labda ni baridi ya Iringa, akaziwekea blanketi. Asubuhi nyingine hivyo hivyo, akasema chumvi ni kidogo, akaongeza. Hivyo hivyo. Akasema unga umezeeka, akampigia Tumpe amtumie mwingine kwa basi. Hivyo hivyo. Akajaribu maji yale kwenye kipande cha ngozi ya mbuzi, kikatoboka, ule uji wa harusi ukarudi tena. Yule mtoto wangu akakonda na maziwa yakapungua, akamwambia Crispin kwenye simu kwamba anaacha, amewadanganya akina mama wa watu, mama yake atazeeka na mikono ile ile na yeye atakuwa amesoma bure. Crispin akasema, "Basi acha, mama Edmund, upumzike," na hilo ndilo lilimuuma zaidi, kukubaliwa.

Siku hiyo hiyo alikuwa chumbani ananyonyesha, mlango umerudishwa, akawasikia mama zake wawili jikoni. Bertha anasema, "Mama Gideon, yale maji ya binti yamekatika tena, nimeyaona nilipofuata mkaa." Helena anasema, "Usihofu, dada, mimi kila alfajiri nikiamka nayasuka." Bertha anasema, "Ahaa, unayasuka? Mimi nayatikisa kabla ya kulala, nikajua huyu mzazi amechoka, hana nguvu za kuyaangalia." Na Helena akamshukuru, tena kwa dhati, "Ahsante sana dada kwa kunisaidia mtoto."

Mnacheka. Chekeni, na yeye alicheka, baada ya kulia. Lakini wangefanya nini? Kwetu sisi watu wa ng'ombe, binti akiacha kibuyu cha maziwa kimesimama bila kusukwa, siagi isitoke, majirani watasema amelelewa wapi. Na hapa kwa Bertha mtindi ukikatika, maji juu na mazito chini, hauwekwi mbele ya mgeni mpaka umetikiswa ukarudi mmoja, ni aibu ya nyumba. Kila mmoja alikuwa analinda heshima ya Minza, mmoja kwa kusuka asubuhi, mwingine kwa kutikisa jioni, na katikati hapo kazi ya miaka saba inachafuliwa kwa upendo mtupu, na ubaya uko wapi wa kumfokea mtu? Mama yako labda utamfokea. Mama mkwe aliyekuletea viazi huwezi.

Hakufoka. Tumpe anasema angekuwa yeye angezivunja chupa zote. Minza alitoka na Marta amelala begani, akaingia stoo, akachanganya chupa mpya mbele yao, akazitikisa mwenyewe mara ile moja inayotakiwa, akazipanga chini kwenye kona, akavua ile kanga aliyombebea mtoto akazifunika mpaka shingoni, akainuka taratibu kama mtu anayetoka kwenye chumba cha mtoto, akaweka kidole mdomoni, akawaambia kwa sauti ya chini, "Mama, na mama, hizi zimelala. Mchanga akilala haamshwi." Basi. Hakuna mwanamke wa Kisukuma wala wa Kihehe atakayemtikisa mchanga aliyelala. Bertha alitoka kwa ncha za vidole, na tangu hapo akiingia kufuata mkaa anachota kimya kimya, akimsikia Edmund anapiga kelele mlangoni anamwambia, "Shh, chupa za mama zimelala."

Asubuhi wakafunua kanga. Juu maji meupe kama ya kisima, chini tope zito la rangi ya chai, na mstari katikati umenyooka. Akateka ya juu, akaloweka ngozi ya mbuzi, manyoya yakatoka kwa kidole tu, na ngozi akaivuta huku na huku kama alivyoivuta ile ya baba yake, haikutoboka. Helena akaambiwa aingize mkono bila glavu, akaingiza amefumba macho kama anayeingiza kwenye mzinga wa nyuki, akasubiri kuungua, akasubiri, akafumbua jicho moja, akasema, "Mbona hakisemi kitu?" Ngozi ile ndiyo hii waliyoikalia Edmund na Marta hapa mbele yangu. Mwaka 2022 kikundi kizima kikaanza kuitumia, yeye na Tumpe wanawaletea mchuzi wa vidudu kutoka Mbeya na wao wanautenganisha wenyewe kwenye stoo, kanga juu, na chokaa iliyobaki Helena aliipaka ukutani.

Nimefika pale mnapopataka. Mwezi Novemba 2024 marehemu alianza kuvimba miguu. Akipanda ngazi mbili anahema. Akawa analala ameketi, ameegemea mito. Nani hapa amesahau niliyoyasema ya mwaka 2005? Crispin alimpeleka hospitali ya rufaa Mbeya, na daktari akamwita bibi yake pembeni, akamweleza kwamba moyo umetanuka, akasema, "Bibi, huu ni moyo wa ukoo," na bibi akamjibu, "Ukoo upi, mimi ni mzee hivi na bado napalilia," daktari akasema basi ni upande wa babu, na kweli, babu yao alikwenda hivyo hivyo, akiwa ameketi. Nimemzika mume kwa moyo huo, nimemzika Nkuba kwa moyo huo, wote wawili kabla chupa hata moja haijafika Mlandege. Tumpe ameshika chupa zile zile miaka kumi na moja, na mwezi uliopita, Jumamosi ya Pasaka, alipanda mlima Loleza kwa miguu yake akaimba kileleni. Simwambii mtu anywe SA, glavu vaeni, Minza mwenyewe alizivaa. Lakini kazi isisingiziwe mauti, mauti yana kazi zake za kutosha.

Alitibiwa, akapata nafuu, akarudi kazini kidogo, mwezi Aprili akachanganya chupa moja Mlandege akiwa amekaa kwenye kigoda kwa sababu kusimama kulimshinda, kesho yake akazidiwa, akarudishwa Mbeya. Siku ya mwisho tulikuwa tumemzunguka, Crispin, Helena, mimi, na badala ya kuuliza watoto, maana alikuwa hivyo, alitunyanyasa na kazi yake mpaka mwisho, alimwuliza mama yake, "Ile chupa imelala?" Helena akasema, "Imelala." Akasema, "Msiiamshe." Ndipo akauliza watoto, tukamwambia nao wamelala. Minza Nkuba alifariki Jumapili, tarehe 18 Mei 2025, akiwa na umri wa miaka thelathini na sita.

Leo mchana tulimwosha. Mimi nilishika beseni, Bertha alishika taulo, Helena ndiye aliyemwosha, na alipofika usoni alimpitishia kiganja. Siyo nyuma ya mkono. Kiganja chote, taratibu, shavu hili na shavu hili, na hakikukwaruza. Akina mama wa Mlandege, hayo ndiyo niliyosimama kuwaambia. Chupa ile haijaguswa na mtu tangu Aprili, juu imekuwa safi, chini tope limetulia, Tumpe ataiteka mkimaliza msiba, na baada ya hapo atawaletea mchuzi mwingine kama alivyokuwa akifanya mwenzie, ameniahidi hapa mbele ya mchele. Anayetaka kuimwaga apitie kwanza kwa Helena amwombe mikono yake aikague.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, hasa yule daktari aliyenieleza mara tatu bila kununa, tunawashukuru majirani wa Mlandege waliokuwa wakipika zamu kwa zamu, wafanyakazi wenzake wa Mbeya waliojaza basi zima, mchungaji na wana Kilolo mliotupokea sisi watu wa bonde kwenye baridi hii na kutupa mablanketi yenu, na ninyi wakwe, ngozi ya dume jekundu tunawaomba msamaha mpaka leo. Tangu juzi ukoo huu unasema hivi, ukoo ule unasema vile, angepelekwa huku, angezikwa kule, na mimi nasema inatosha, mmetikisa vya kutosha, iacheni itulie, mtaona wenyewe kipi kinapanda na kipi kinashuka.

Minza, ng'wanawane, mwanangu, wajina, umechoka, sasa umepata pa kutulia, lala, hakuna atakayekuamsha.

Na ninyi, Edmund, Marta, na wote wadogo mnaosinzia hapo ukutani, historia imeisha, hakuna nyingine, ingieni ndani mkalale. Bertha, waletee hiyo kanga. Na wewe mkubwa utakayepita humo kutafuta viatu vyako, pita taratibu, nimekaa mlangoni.